Naanza kuendesha pikipiki kati ya Morogoro na Mgeta: ninunue vazi gani la kinga kwanza?

AfisaUgani_Mgeta aliandika:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni afisa ugani wa kilimo, na hivi karibuni nimekabidhiwa pikipiki ya kazi ya cc 150 ili niweze kuwafikia wakulima wa mboga wa Mgeta kutoka mjini Morogoro ninakoishi. Mafunzo nimemaliza na leseni ninayo, lakini uzoefu wangu wa barabarani haujazidi wiki sita, na katika ukoo wetu sina mtu wa kumuuliza, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza kuendesha chombo hiki.

Wanaoifahamu njia hii wanajua kwamba ni safari mbili ndani ya moja. Kutoka mjini hadi Sangasanga niko kwenye lami ya barabara kuu ya Iringa, pamoja na malori yanayokwenda Tunduma na mabasi yasiyopenda kusubiri. Nikishaiacha barabara hiyo naanza kuipanda milima ya Uluguru, ambako kuna kona kali, changarawe iliyolala juu ya ardhi ngumu wakati wa kiangazi, na utelezi mtupu masika inapoingia. Mjini naondoka jasho likinitiririka, na huko juu asubuhi napokewa na ukungu na baridi ya kutetemesha.

Wiki mbili zilizopita nilianguka kwenye kona moja baada ya Mlali. Mwendo haukuzidi ule wa baiskeli. Gurudumu la mbele lilikanyaga changarawe, likateleza, nami nikajikuta chini. Helmeti niliyopewa pamoja na pikipiki ilizunguka kichwani ikanifunika jicho moja. Kiganja cha mkono wa kulia kilichunika, na raba ya mguu wa kushoto niliikuta hatua tatu nyuma ya pikipiki. Mzee mmoja aliyekuwa analima njegere jirani na barabara alinisaidia kuinuka, akaniletea maji ya kunawa, na ndipo nilipoona kwamba mchanga ulikuwa umeingia ndani ya nyama.

Nimeweka akiba ya shilingi laki nne na nusu kwa ajili ya mavazi ya kinga. Naomba ushauri wenu: nianze na kipi, na kila kimoja nikikague vipi dukani? Je, vitu vya mtumba vinafaa? Alama zinazobandikwa kwenye helmeti zina maana yoyote, au ni mapambo tu? Naomba pia dada zangu wanaoendesha wanisaidie juu ya nywele, kwa sababu mimi husuka, na sijui saizi ya helmeti niipimeje.

MsafiriWaNyandaZaJuu alijibu:

Pole sana, mdogo wangu, na tumshukuru Mungu kwamba umefundishwa kwa kona ndogo. Naendesha kati ya Iringa, Njombe na Makete kwa mwaka wa kumi na sita sasa, na katika maelezo yako yote kilichonishtua zaidi ya kile kiganja ni ile helmeti iliyokufunika jicho na ile raba iliyobaki nyuma. Vazi la kinga ambalo halibaki mahali pake wakati wa kuanguka halina tofauti na vazi lililoachwa nyumbani. Swali hilo, je, kitabaki mwilini, liulize kwa kila kitu utakachonunua, kabla hujauliza bei na kabla hujatazama rangi.

Anza na helmeti, tena uiache kabisa hiyo uliyopewa. Watu wengi hudhani helmeti ni lile ganda la nje linalong'aa. Kazi ya ganda ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye na kuutawanya mgongano kwenye eneo kubwa, lakini kinachouokoa ubongo ni povu gumu lililo chini ya kitambaa, ambalo linapogongwa hupondeka, na katika kupondeka huko hukipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama badala ya kusimama ghafla. Povu likishapondeka halirudi katika hali yake. Kwa hiyo helmeti iliyokwisha kupata ajali imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje haina mkwaruzo, na ndiyo sababu sitakushauri kamwe kununua helmeti ya mtumba, kwa kuwa historia yake huijui.

Umeuliza kama alama zina maana. Zina maana kubwa zikiwa za kweli. Alama ya ECE inatokana na Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Katika toleo lake la 05 helmeti hugongeshwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, sawa na kuidondosha kutoka kimo cha karibu mita 2.9. Kuna watu huisikia namba hiyo wakaidharau, wakisema wao huenda kilomita 80. Kichwa cha mtu anayeanguka hakiigongi ardhi kwa mwendo unaosomeka kwenye dashibodi. Hushuka kwa mwendo wa kuanguka kutoka kimo alichoketi, na mwendo wa mbele huishia katika kuteleza, mradi tu hajakutana na nguzo, jiwe au tairi la lori. Toleo la 06, lililoanza kutumika mwaka 2021, limeongeza migongano ya mwendo mdogo na mkubwa zaidi, pamoja na kipimo cha mgongano wa mshazari, ambao hukizungusha kichwa na kuutikisa ubongo kwa namna ambayo matoleo ya zamani hayakuipima.

Alama ya DOT ni ya Marekani, na huko mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba helmeti yake imetimiza kiwango, ingawa serikali inaweza kuzinunua na kuzipima baadaye. Helmeti nyingi za Kihindi zilizoko kwenye masoko yetu zina alama ya ISI, ambayo hufuata kiwango cha IS 4151. Yoyote kati ya hizo, ikiwa halisi, ni bora mara nyingi kuliko ganda la plastiki lenye sponji ndani.

Sasa saizi, ambako ndiko watu hupoteza fedha zao. Chukua tepu ya fundi cherehani uzungushe kichwa juu kidogo ya nyusi na kupitia sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi, kisha usome sentimita na kuzilinganisha na jedwali la mtengenezaji. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, kwa sababu vichwa vyenye mzingo mmoja vinaweza kuwa na maumbo tofauti. Ukiivaa, mashavu yabanwe kiasi cha kukufanya uhisi kama unayang'ata ukitafuna. Shika helmeti uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya uso inapaswa kuvutika pamoja nayo. Ikiwa helmeti inageuka na uso umetulia, ni kubwa. Kisha funga kamba ya kidevuni, ukiacha nafasi ya kidole kimoja au viwili tu, na umwombe muuzaji ashike ukingo wa nyuma kwa chini na kuusukuma juu kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso na kutoka, irudishe rafuni. Mwisho, kaa nayo kichwani robo saa nzima ukiwa humo humo dukani, hata muuzaji akinuna. Helmeti inayobana kote kwa usawa italegea kidogo kadiri unavyoivaa, ila ile inayochoma sehemu moja ya paji la uso utaivua njiani.

Chagua helmeti ya uso mzima. Kidevu na taya ni sehemu ya kichwa, na ukianguka mbele ndizo zinazotangulia.

Muuguzi_Zamu alijibu:

Pole, dada yangu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali moja ya mkoa, na kwa kuwa naendesha skuta kwenda kazini, nitakujibu kwa pande zote mbili.

Kuhusu helmeti nakubaliana na kaka aliyetangulia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kifo kwa asilimia 42 na wa jeraha la kichwa kwa asilimia 69 kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali. Hapa kazini sihitaji asilimia ili niamini. Familia inayokuja kumchukua mtu aliyevunjika mguu hurudi nyumbani ikiwa na mtu wao yule yule. Familia ya mtu aliyeumia ubongo mara nyingi hurudi na mgeni.

Nataka kuzungumza juu ya mikono, kwa sababu watu huinunua glavu mwisho, kama pambo. Mtu anayeanguka hutanguliza kiganja bila kuamua. Ni mwili unaojitetea wenyewe. Wewe umekwisha kuona mchanga ulivyoingia ndani ya nyama. Kazi yetu baada ya hapo ni kulisafisha jeraha kwa maji mengi na shashi, na wakati mwingine kwa brashi laini, punje moja baada ya nyingine, kwa sababu changarawe ikiachwa ndani huleta usaha na kuacha madoa meusi chini ya ngozi kwa maisha yote. Nimewahi kumsafisha kijana mmoja kwa karibu saa nzima, akiwa amedungwa sindano ya ganzi, na bado alikuwa ameuma kona ya shuka. Glavu za ngozi zenye kipande cha ziada kwenye kisigino cha kiganja zingemwepusha na yote hayo. Hakikisha glavu ina mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono. Uifunge, kisha uivute kwa nguvu kwenye ncha za vidole. Ikichomoka, utaipoteza barabarani kama ulivyoipoteza raba.

Kinachofuata ni kifundo cha mguu. Pikipiki ikilala, mara nyingi hulala juu ya mguu wa mwenyewe, na nimepokea watu waliovaa ndala na yeboyebo ambao visigino vyao sitavieleza hapa. Kuna utafiti uliofanyika Canberra, Australia, uliochapishwa mwaka 2011 na Liz de Rome na wenzake, uliowachunguza madereva 212 waliopata ajali. Waliovaa nguo za kinga, hasa zenye pedi, waliumia kidogo kuliko wenzao, lakini kilichonivutia mimi mwenye mshahara wa kawaida ni kwamba hata buti zisizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki zililinda miguu kuliko raba na viatu vifupi. Utafiti huo huo ulionesha pia kwamba zaidi ya robo ya jaketi, suruali na glavu zilizouzwa kama za pikipiki ziliharibika katika ajali kiasi cha kuhesabiwa kwamba zimeshindwa kazi. Kwa hiyo jina la pikipiki kwenye lebo lisikutoshe. Ikague mishono mwenyewe.

Na sasa nywele. Nenda kununua ukiwa umesuka mtindo unaovaa siku nyingi za kazi, wala usiende na kichwa cha siku ya sherehe. Mafundo na rasta zilizokusanywa utosini huinyanyua helmeti, ikakaa juu kama chungu kwenye kata, na upande wa mbele ukaacha paji la uso wazi. Mimi husuka mistari inayolala kuelekea kisogoni, na ncha zake huziacha zitoke chini, nyuma ya shingo. Ukibadili mtindo na helmeti ikaanza kucheza au kukaa juu, badili mtindo tena, usiilegeze kamba. Anayevaa ushungi atafute kitambaa chembamba cha pamba kisichoteleza, na ncha zake azichomeke ndani ya jaketi.

MwenyekitiKijiwe_Msamvu alijibu:

Karibu barabarani, dada. Nimebeba abiria hapa Morogoro tangu bodaboda zilipoanza kuenea, na nina maoni tofauti kidogo. Helmeti za uso mzima kwenye joto la mchana ni mateso, na wengi wetu tunaona kwamba hazitupi nafasi ya kusikia honi na kuona pembeni. Ile ya uso wazi yenye kioo kirefu inatosha kwa mtu anayekwenda taratibu. Kwa upande wa jaketi, ununue lile ambalo hutalichoka, kwa sababu nimewaona vijana wanaonunua jaketi nene la ngozi kwa fedha nyingi, wakalivaa wiki mbili, kisha likaanza kufungwa kwenye tangi kama mzigo.

Jambo ambalo sijaona likitajwa ni nguo zinazopepea. Kanga, kitenge, sketi ndefu, ncha ya ushungi, hata yale makoti ya mvua mapana yasiyo na mikono: vyote hivyo vinaweza kuingia kwenye mnyororo au kwenye spoku, na ikitokea hivyo unavutwa wewe. Kama kazini unavaa sketi, vaa suruali barabarani na ubadili ukifika. Nunua pia kizibao kinachoakisi mwanga, hasa kwa huo ukungu wa Mgeta. Kenya wameiandika katika sheria yao ya barabarani kwamba dereva na abiria wa pikipiki wavae helmeti na jaketi lenye viakisi mwanga, na mimi naona ni sheria nzuri.

MsafiriWaNyandaZaJuu alijibu:

Mwenyekiti, kwa heshima zote, suala la nguo zinazopepea nakushukuru kwa kulileta, na la jaketi linalofungwa kwenye tangi ni kweli tupu. La helmeti ya uso wazi siwezi kuliacha lipite kwa mtu anayejifunza. Kanuni ile ya ECE inadai kioo kimwachie dereva uwezo wa kuona nyuzi 105 kwa kila upande, na wakati wa kukata kona unapaswa kugeuza shingo hata kama huna helmeti kabisa. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza wenyewe kwa kina huko Los Angeles, na hawakuona kwamba helmeti iliwazuia madereva kuona hatari au kusikia sauti muhimu za barabarani. Joto ni tatizo la kweli, lakini lina dawa: matundu ya hewa yanayofunguka kidevuni na utosini, kitambaa cha ndani kinachotoka ili kifuliwe, na kioo kilichoachwa wazi kidogo ukiwa kwenye foleni.

Dada, kioo kiwe cheupe. Kile cheusi kitakupendeza saa saba mchana na kitakupofusha saa moja jioni ukiwa bado njiani unashuka.

FundiNgozi_Kariakoo alijibu:

Nimeuza na kushona vifaa vya pikipiki Kariakoo kwa miaka kumi, basi niseme yale ambayo muuzaji huwa hapendi mnunuzi ayajue.

Helmeti bandia ziko nyingi, na baadhi zina stika nzuri kuliko zile za halisi. Stika ya nyuma usiihesabu. Alama ya ECE halisi hushonwa kama lebo ya kitambaa kwenye kamba ya kidevuni: utaona duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, kama 1 kwa Ujerumani, 3 kwa Italia, 4 kwa Uholanzi au 9 kwa Hispania, kisha namba ya idhini inayoanza na 05 au 06. Baada ya namba hiyo tafuta herufi P, yenye maana kwamba sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda. Ukikuta NP, kidevu hicho ni kizuizi cha upepo tu, ingawa kwa macho kinafanana na kile kingine. Herufi J ni kwa helmeti ya uso wazi.

Kisha ingiza mkono ndani. Vuta kitambaa pembeni ulione povu lenyewe: linapaswa kuwa gumu, na unene wake uwe kama wa sentimita mbili na nusu. Likibonyea kwa kidole kama godoro, hilo ni sponji la starehe na halina kazi nyingine. Helmeti nzima yenye uzito usiofika nusu kilo haiwezi kuwa na kitu cha maana ndani. Zile nzuri za uso mzima huwa karibu kilo moja na nusu. Bei nayo isikutishe wala isikudanganye, kwani mpango wa SHARP wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 2007 na ambao huzipa helmeti nyota moja hadi tano baada ya kuzigonga, umeonesha kwamba baadhi ya helmeti za bei ya chini hupata nyota nyingi kuliko za bei kubwa.

Baada ya kuinunua, usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, kwa sababu ncha ya kioo hulitoboa povu kidogo kidogo. Usiifute kwa petroli hata kama umewaona vijana wakifanya hivyo ili ing'ae, kwani petroli huliyeyusha povu la ndani na kulidhoofisha ganda la plastiki. Sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu yanatosha.

Jaketi la mtumba linafaa, tofauti na helmeti, kwa sababu kasoro zake zinaonekana. Geuza ndani nje. Mishono mikuu ya mabegani na viwiko iwe na mistari miwili ya uzi au zaidi, na uzi uwe wa nailoni au poliesta. Ule wa pamba huoza. Ikunje ngozi ya kiwiko: ikionesha nyufa kama udongo wa shamba lililokauka, itachanika siku unayoihitaji. Tofauti ya ngozi na nguo za kawaida si ya maneno. Kwenye mashine ya kupimia mkwaruzo suruali ya kawaida ya jinzi hutoboka katika muda wa sekunde moja hivi, wakati ngozi nzuri ya ng'ombe yenye unene wa zaidi ya milimita moja huvumilia sekunde nne na zaidi, na mtu anayeteleza kwenye lami anazihitaji sekunde hizo zote.

Kwa joto la Morogoro, hata hivyo, nakushauri jaketi la wavu lenye vitambaa imara mabegani na kwenye viwiko, ambalo ndani yake lina mifuko ya pedi. Majaketi mapya ya Ulaya huwa na lebo ya EN 17092 yenye herufi: AAA ndiyo ya juu, ikifuatiwa na AA, A, B na C. Pedi zenyewe zina alama yake, EN 1621, ikifuatiwa na kiwango cha 1 au 2. Kiwango cha 2 hupitisha nguvu ndogo zaidi ya pigo hadi kwenye mfupa. Chomoa pedi ya mgongoni uitazame, kwa maana hapo ndipo udanganyifu ulipo: makampuni mengi huweka pedi halisi viwikoni na mabegani, na mgongoni huweka kipande cha sponji chepesi kisicho na alama yoyote. Ukivaa jaketi, kaa kama umeshika usukani, kisha umwombe mtu auvute mkono wa jaketi kuelekea kwenye kiwiko. Mkono huo wa jaketi ukipanda, pedi nayo itapanda, na kiwiko kitabaki na kitambaa tupu. Kama hakuna saizi inayokubana vizuri, niletee mimi au fundi yeyote wa ngozi akushonee mkanda wa kukaza juu na chini ya kiwiko.

Baridi ya Mgeta itatue kwa kuvaa sweta ndani na koti jembamba la mvua juu ya jaketi. Usinunue jaketi zito la kuvaa safari nzima kwa ajili ya saa mbili za asubuhi.

AfisaUgani_Mgeta alijibu:

Nawashukuru sana kaka zangu, dada yangu muuguzi na mwenyekiti. Nimerudi baada ya wiki tatu ili nieleze nilichofanya, kwa kuwa huenda kuna mwingine atakayeuliza swali kama langu.

Helmeti ilinichukua siku mbili kuipata. Katika duka la kwanza nilivaa saba, na ile ya kusukuma ukingo wa nyuma ilizitoa tano kichwani, mojawapo ikiwa ndiyo niliyokuwa nimeipenda kwa rangi. Nyingine ilikuwa na stika tatu nyuma na kamba isiyo na lebo yoyote. Niliyoinunua mwishowe ni ya uso mzima, ina lebo iliyoshonwa yenye namba inayoanza na 05 na herufi P, na kioo cheupe. Nilikaa nayo dukani robo saa, na muuzaji, ambaye mwanzoni alishangaa, mwishoni aliniletea kiti. Ilikuwa shilingi 190,000.

Glavu za ngozi zenye mkanda zilikuwa 35,000. Buti za ngozi za kufunga kwa kamba, zinazovuka kifundo cha mguu, nilizipata mtumbani kwa 45,000, na fundi viatu ameziongezea mshono kwenye kisigino. Ncha za kamba nazichomeka ndani ili zisinase kwenye kanyagio la gia. Jaketi la wavu nalo ni la mtumba, 120,000, pedi za viwiko na mabega zina alama, na mgongoni nilikuta sponji kama FundiNgozi alivyosema. Fedha iliyobaki nilinunua pedi za magoti zenye mikanda miwili kila moja, 40,000, ambazo nazivaa juu ya suruali. Kizibao cha kuakisi mwanga nimepewa ofisini. Pedi halisi ya mgongo nitainunua mshahara ujao, na nimeshapima mfuko wake kwa rula ili nisikosee saizi.

Swali moja limebaki, na naomba MsafiriWaNyandaZaJuu anisaidie. Nikifika juu kwenye ukungu, kioo cha helmeti kinajaa mvuke kwa ndani, hasa ninapopumua kwa nguvu kwenye mlima mkali. Nikikifungua, mvua inaniingia machoni.

MsafiriWaNyandaZaJuu alijibu:

Hongera, mdogo wangu, umenunua kwa akili. Kuhusu mvuke, fungua kwanza tundu la hewa la kidevuni, na uache kioo kikiwa kimenyanyuka kwa hatua ile ndogo kabisa, siyo zaidi. Nyumbani paka tone la sabuni ya kuoshea vyombo upande wa ndani wa kioo, ulisugue kwa kitambaa laini hadi kioo kiwe safi, bila kusuuza. Litakusaidia kwa safari moja au mbili, kisha unarudia. Dawa ya kudumu ni karatasi angavu ya kuzuia mvuke inayowekwa ndani ya kioo, lakini hiyo inahitaji kioo chenye vipini viwili vidogo pembeni. Tazama ndani ya kioo chako, kushoto na kulia, uniambie kama vipo.